Parasite kwa Kiswahili Ni Nani?

4 Machi

Mwanangu Hadubini,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi uko mahali pazuri pa kuumwa, hospitalini. Sisi huku tunaendelea. Masikio yangu ndiyo yaliyostaafu kabisa, siku hizi nasikia kwa kutazama midomo. Juzi muuza maziwa aliniambia jambo refu, nikamjibu "na wewe pia," akaondoka mbio bila kunipa maziwa. Kwa hiyo usinipigie simu, andika. Baba yako naye unajua anavyoishika simu, mbali na uso kama inataka kumng'ata, anapiga kelele "Tuko wazima!" na kukata. Hajatokea mtu aliyewahi kumuuliza swali la pili.

Hajambo, lakini. Amemtengenezea mwalimu jirani kabati la milango miwili, na kila mlango una msimamo wake. Anasema ndio mtindo wa siku hizi. Jumapili alilisalimia koti lake lililotundikwa mlangoni na kulikaribisha chai. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya droo yangu ya vitambaa.

Sasa la maana. Unajua nilisimama mahakamani miaka ishirini na sita katikati ya hakimu na mshtakiwa, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza, na sikuwahi kuruka neno hata pale mshtakiwa alipomtukana hakimu mama yake. Nataka unitafutie neno moja: parasite. Maana yake ya leo naijua, usinifundishe. Nataka asili. Lilizaliwa wapi, wazazi wake nani, liliishije kabla ya kufika vinywani mwa watu wa sasa? Kamusi zangu zinanyamaza pale mambo yanapoanza kunoga. Wewe umezungukwa na wasomi, uliza.

Nina ubishi na mtu. Usichelewe.

Shangazi yako


21 Machi

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, kazi ni ileile, makopo asubuhi na makopo jioni. Mchumba wangu mkunga anakusalimu. Wiki hii amezalisha mapacha mara mbili na anatembea kama mwenye wadhifa. Uhamisho wangu umekubaliwa. Tutafunga ndoa Novemba, na Desemba tutakuwa huko nyumbani, mimi maabara ya hospitali ya mjini na yeye wodi ya wazazi. Baba nilimwandikia habari hizi tangu Februari na hajanijibu hata mstari. Mwambie kalamu haina meno.

Sasa Shangazi, barua yako imenishtua. Miaka tisa nimefanya kazi hii, na najua mtu mzima akisema "nina ubishi na mtu" halafu akataja parasite, ubishi huo uko tumboni. Usione haya na mimi. Nimezoea. Ndani ya kifurushi hiki kuna kopo, na kijiko chake kimeshikamana na kifuniko. Choo cha asubuhi, kiasi cha punje ya harage, kisichanganyike na maji wala mkojo. Andika jina lako na saa. Dereva wa gari la dawa hupita huko kila Jumatano, atalichukua. Nimemwambia ni asali ili asiulize maswali.

Je, unakosa hamu ya kula? Unajikuna usiku? Jibu kwa uwazi.

Mwanao


10 Aprili

Marahaba, kama bado unaistahili.

Kopo lako lilifika. Baba yako alilipapasa pande zote akauliza ni kitu gani, nikamwambia mwanao anaomba zawadi. Nimelirudisha kwa dereva likiwa na asali kweli, ili katika safari hii nzima angalau mtu mmoja asiwe mwongo.

Hamu ya kula ninayo. Nikijikuna, najikuna kwa sababu zangu. Tumbo langu liko salama kuliko akili yako. Nimekuuliza neno, umenijibu choo! Mshtakiwa akijibu hivyo hakimu huuliza kama amelewa.

Soma tena barua yangu ya kwanza, polepole, kidole kikifuata mstari kama nilivyokufundisha. Neno. Asili. Kilatini, Kigiriki, popote lilikotoka. Na usimsumbue baba yako na majibu, ana mambo mengi. Wiki iliyopita alitia sukari kwenye mboga na kuila yote bila kukiri.

Mkunga wako nampongeza kwa mapacha. Mwambie mimi ndiye niliyekufundisha kufunga viatu, na kwamba ilichukua mwezi.

Shangazi yako


12 Mei

Shangazi mpendwa, shikamoo, na nisamehe. Dereva aliifungua asali njiani akala na mkate. Nilipomweleza ukweli wa makopo yetu alitapika, na sasa hanisalimu.

Neno nimelipata. Hapa hospitalini kuna karani wa masjala tunamwita Padri Nusu. Alisoma seminari miaka sita akatoka kwa sababu ya msichana wa kwaya, ambaye sasa ni mkewe na ana sauti kubwa kuliko kengele. Nilimkuta chini kule kwenye rafu za mafaili, amekaa juu ya marehemu wa miaka kumi iliyopita, anakunywa chai. Nilipolitaja neno lako alisimama kama ameitwa misa.

Kasema hivi. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Walatini waliosema parasitus, na Walatini kwa Wagiriki waliosema parasitos. Limepita migongo mingi kuliko koti la mtumba. Kwa Wagiriki ni maneno mawili yaliyooana: para ni kando, ubavuni, sitos ni nafaka, mkate, chakula. Yaani anayekula kando ya mwingine. Basi! Hakuna mnyoo wala mchango. Tena zamani sana lilikuwa jina la heshima, la watu walioteuliwa kula pamoja na makuhani kwenye karamu za hekalu na kusaidia mambo ya nafaka takatifu. Halafu watu wa michezo ya kuigiza wakalivamia. Wakamtunga mtu fulani anayekwenda kula kwa matajiri na kulipa kwa vichekesho na sifa za uongo, watazamaji wakavunjika mbavu, na heshima ya neno ikaishia hapo. Karne nyingi baadaye ndipo wataalamu wa viumbe wakawapachika wadudu. Padri Nusu anasema mdudu ndiye aliyedoea jina la binadamu, wala si kinyume chake.

Nimefanya kazi na neno hili miaka tisa nisijue lilikuwa na meza na viti. Hata leo nikitazama kwenye hadubini naona kama nawachungulia watu wakila.

Sasa mshinde huyo mbishi wako. Ni nani, kwani? Ni yule mwalimu wa kabati?

Na Baba mbona kimya?

Mwanao


1 Juni

Mwanangu,

Ahsante. Umefanya kazi nzuri, na Padri Nusu mpe mkono wangu. Barua yako nimeisoma nimesimama uani, nikacheka peke yangu mpaka mke wa mwalimu akachungulia juu ya ukuta.

Ubishi ni kati yangu na mimi. Nimeshinda, ila sijajua nilikuwa upande upi.

Baba yako hajambo. Ameacha makabati kwa sasa, anapumzika. Paka wadogo wamegawiwa, amebaki mmoja anayelala ndani ya kiatu chake, na kila asubuhi wanashtuana.

Nikufahamishe pia kwamba Novemba nitahamia kwa mpiga chapa mwenzangu wa mahakamani, yule mjane. Ana chumba na hana wa kugombana naye. Chumba changu cha uani kitakuwa kitupu mkija. Nitakipaka chokaa kabla sijatoka. Muulize mkunga wako kama anapenda kitanda kitazame dirisha au mlango, maana kile chumba hakikubali vyote viwili.

Shangazi yako


9 Julai

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nne, na wiki nzima nimeiandika hii na kuichana. Hainitoki vizuri, basi itoke vibaya.

Habari ya chumba cha uani nilimwandikia Baba peke yake. Ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ilikuwa na gundi, na juu yake kulikuwa na jina lake, si lako. Kama yeye amekwambia, mbona mimi hajanijibu? Na kama hakukwambia, umejuaje? Shangazi, ulifungua barua ya watu? Wewe uliyetufundisha kwamba barua ya mtu ni kama chupi yake, haiazimwi wala haichunguliwi?

Kama uliisoma, basi uliisoma yote. Sitajifanya sikuandika nilichoandika. Niliandika nimechoka, siku hiyo nilikuwa nimetazama makopo mia moja na kumi. Lakini hayakuwa maneno ya kusomwa na wewe. Mtu akichungulia dirishani asilalamike kwa alichokiona.

Sijakuomba uhame. Sikumbuki kukuomba.

Mwanao


28 Julai

Marahaba. Kaa chini kwanza.

Baba yako haoni. Sisemi haoni vizuri. Haoni. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu mwaka juzi, la kulia likafuata kwa wivu. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu ungeacha kazi uje kumshika mkono, na yeye hataki kushikwa. Leo kiapo nimekivunja, na nitamwambia mwenyewe kwamba nimekivunja. Lile kabati, lile koti, sukari kwenye mboga, vyote ni macho. Nilikuandikia kwa mzaha nikitumaini mtu wa hadubini atagutuka, lakini wewe unaona vidogo tu.

Barua zote zinazoingia humu nazisoma mimi. Yako ya Februari ilifika wakati wa chakula cha mchana. Akaipapasa, akanipa, akasema, "Nisomee ya mwanangu. Usiruke."

Nikasoma salamu. Nikasoma uhamisho, akapiga meza kwa furaha, supu ikatapakaa. Nikasoma kwamba Shangazi alikuja kukaa wiki mbili Mama alipofariki na sasa ni mwaka wa sita. Nikasoma kwamba chumba cha uani kingewatosha nyinyi wawili. Vyote nilivisoma kwa sauti ileile niliyowasomea watu vifungo vyao. Kisha nikafika hapa: "Baba, umri wako si wa kulea parasite."

Akauliza, "Kulea nini?"

Nilikuwa na maneno matatu mdomoni, na yote ni sahihi: kimelea, kupe, mdoezi. Nikamtazama. Siku hizi hana cha kuangalia. Ukimpa neno baya anakaa nalo asubuhi hadi jioni akiligeuzageuza. Na hili lilikuwa limetoka kwako, mwanawe wa pekee. Nikasema, "Mtu anayekula pembeni yako."

Akacheka. "Sasa anataka nile na nani? Na paka?" Akaomba mkate.

Niliumia, nakwambia wazi. Niliumia kwa neno lenyewe. Nililia chooni kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye komeo. Na juu ya hayo nilijidharau, kwamba nimegeuza neno kinyume, mimi ambaye kazi hiyo ndiyo kitu pekee nilichowahi kukiheshimu kikamilifu. Ndipo nikakuandikia. Nilitaka kujua kama neno lako lina kona yoyote ambamo ningeweza kujificha. Ukanitumia kopo. Baadaye ukanitumia Wagiriki. Anayekula kando ya mwingine! Nilidhani nimedanganya, kumbe nimetafsiri.

Lakini wewe hukuandika Kigiriki. Ulikusudia kupe, na ulinikusudia mimi. Kwa hiyo Novemba naondoka, wala usinibembeleze. Hajakujibu kwa sababu kila akitaka kuniambia la kuandika, anaishia kusema "mwambie nafikiri." Mtafutie mtu wa kumsomea, mwenye sauti na subira.

Shangazi yako


15 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na aibu. Sina sababu nyingine na sitaitafuta.

Mchumba wangu nilimsomea barua zako zote, tangu ya asali. Alicheka, halafu akalia, halafu akaniambia kwamba kama nitakuja kulala katika chumba hicho nitalala peke yangu. Kisha akaenda zamu bila kuniaga. Daktari wa macho wa hapa anasema huenda ikawa ni mtoto wa jicho, na kama ndiye, hutolewa na mtu akaona tena. Hawezi kuahidi bila kumtazama. Nimeomba likizo wiki ya mwisho ya Oktoba, nakuja kumchukua.

Chini hapa kuna barua ya Baba. Msomee. Usinipunguzie hata nukta, nakuomba kwa kazi yako.

"Baba, shikamoo. Najua kuhusu macho yako. Usimgombeze Shangazi, nilimlazimisha kwa ujinga wangu. Februari nilikuandikia neno la Kiingereza, yeye akakuhurumia na kunihurumia akalitafsiri kwa upole. Mimi nilimaanisha kupe. Nilimwita dada yako kupe. Nililiandika kwa Kiingereza kwa sababu kwa Kiswahili ningejisikia nikilisema. Nilitaka chumba chake. Nimekosa kwake na kwako, na nimelia kama mtoto, mkunga ni shahidi. Mwambie asiondoke. Mimi sina uso wa kumwambia."

Mwanao


6 Oktoba

Barua hii inasemwa na baba yako, inaandikwa na mimi. Palipo na mawazo yangu nitasema ni yangu.

Anasema barua yako imefika na amesomewa yote. Nathibitisha. Neno kupe nililitamka vizuri, na sikulipenda ladha yake.

Anasema hakulala vizuri. Anasema wewe ni punda mwenye vyeti. Hapa mkalimani aliomba ruhusa ya kulainisha, akanyimwa.

Anasema kiapo nilichokivunja tutakizungumza, si leo.

Anasema kwa daktari wa macho atakwenda, mradi usimshike mkono mbele za watu, na daktari aseme Kiswahili tangu mlangoni. Amechoka na lugha za watu.

Anasema chumba cha uani kina mwenyewe, na mwenyewe ni dada yake. Nyinyi mtalala kwenye karakana. Nikamwambia karakana imejaa mbao na msumeno. Akasema mbao zigawiwe, yeye hatarudi humo hata macho yakipona, kwa sababu mwezi wa Mei alijikata akitafuta msumeno huohuo na mkono haujamtii tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeambiwa ni kisu cha mkate. Nimefunga kidonda kile wiki mbili bila kujua nafunga nini. Hayo ni mawazo yangu.

Akasukuma kikombe cha chai kando. Kisha akasema, "Andika. Kupe humu ndani yumo kweli, mwanangu hakukosea. Amekosea mtu. Kupe ni mimi. Miaka miwili naishi kwa macho ya dada yangu. Namnyonya asubuhi kwa magazeti, mchana kwa barua, jioni kwa kunionyesha mlango ulipo. Hajasema amechoka, nami sijasema ahsante. Andika hivyo hivyo."

Nikaandika hivyo hivyo.

Tulipomaliza akataka nimsomee yote tangu mwanzo, asikie kama nimemnukuu sawa. Nikasoma. Nilipofika hapo juu nikasema, "Anayekula kando ya dada yangu ni mimi."

Akagonga meza. "Sikusema hivyo."

Nikamweleza, kwa karatasi yako mkononi, kwamba kwa Wagiriki ni kitu kilekile. Akasema hana habari na Wagiriki, yeye kasema kupe, na nisome kupe, mbele yake, kwa sauti. Mara ya kwanza nililinong'ona. Akasubiri. Mara ya pili nikalisoma kwa sauti.

Akasema, "Ahsante, Dada." Sikusikia. Nilimuona midomo.

Mjane nimeshamwandikia kwamba siendi.

Shangazi yako